Bei ya Mafuta Dodoma na Vurugu za Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naendesha kirikuu. Nabeba mchele wa Bahi, nyanya na vitunguu kupeleka soko la Majengo, na msimu wa mavuno nashinda njia ya Kibaigwa. Kazi hii imenifanya niwe mtu wa kuulizwa habari za mafuta: kila anayepanda mbele pembeni yangu huanza na salamu na kuishia kwenye bei ya wese. Haya ni maswali yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana ndipo penye utata, mengine nimeyapitia haraka.

Vita iko Mashariki ya Kati. Mimi niko Nkuhungu na bodaboda yangu. Inanihusu nini?

Inakuhusu kwa sababu nchi yetu haichimbi mafuta ghafi, na wala haisafishi. Kiwanda tulikuwa nacho, TIPER pale Kigamboni, kilichoanza miaka ya 1960, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 kiliacha kusafisha kikabaki na matangi ya kuhifadhia. Petroli unayotia kwenye pikipiki imekuja na meli ikiwa imeshasafishwa, mara nyingi kutoka viwanda vya Ghuba ya Uajemi au India, ambako ndiko kiliko kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, Jamnagar. Bei tunayonunulia hufuata soko la huko Ghuba. Kule wakishtuka, sisi tunapelekewa bili.

Huu Mlango wa Hormuz unaotajwa kila taarifa ya habari ni kitu gani?

Ni mkono wa bahari kati ya Iran na Oman. Pale panapobana kabisa upana wake hauzidi kilometa 40, yaani kama mwendo wa kutoka Dodoma mjini mpaka Chamwino Ikulu na kuchungulia mbele kidogo. Na meli haziutumii upana wote huo. Zina njia mbili, ya kuingia na ya kutoka, kila moja kama kilometa tatu hivi.

Sasa katika uchochoro huo mwaka 2024 yalipita mapipa kama milioni 20 kwa siku, karibu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani. Pipa moja ni lita 159. Zidisha mwenyewe ukipata nafasi. Mafuta ya Kuwait, ya Iraq, ya Iran yenyewe, sehemu kubwa ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, pamoja na gesi ya Qatar, yote yanatokea hapo. Saudi Arabia ina bomba la kupeleka mafuta Yanbu kwenye Bahari ya Shamu, na Falme za Kiarabu zina lao la kwenda Fujairah, lakini mabomba hayo hayawezi kubeba kila kinachobebwa na meli.

Ndiyo maana Juni 2025 dunia nzima ilikuwa roho juu. Tarehe 13 Israel iliishambulia Iran, tarehe 22 Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Iran, na Bunge la Iran likaunga mkono mlango ufungwe. Kwa siku hizo chache pipa lilitoka chini ya dola 70 likakaribia 80. Tarehe 24 wakasimamisha mapigano, bei ikarudi chini. Katika vita ile mlango haukufungwa hata saa moja.

Wazee wa Pwani wanaujua upande ule tangu zamani, kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Oman na kurudi na kusi. Siye wa bara ndio tumeanza kuutamka jina lake juzi, tukiwa kwenye foleni ya sheli.

Kama haukufungwa, kwa nini bei ilipanda?

Nenda Kibaigwa mwezi Februari uone. Mvua ikikata wiki mbili tu, mahindi mapya bado yako shambani, hakuna gunia hata moja lililopotea. Lakini dalali aliyekuwa akikupigia simu uje upakie, siku hiyo hapokei. Ukimfuata ghalani anakwambia mzigo una mwenyewe, na mwenyewe yuko Dar. Magunia unayaona kwa macho yamepangwa mpaka darini. Kesho yake yanapatikana, ila kwa bei nyingine.

Soko la mafuta liko vivyo hivyo, isipokuwa ghala lake ni la dunia nzima. Watu wananunua leo mafuta ya mwezi kesho na keshokutwa. Wakihofia yatapungua, wanajihami kwa kununua mapema, na kununua kwa pamoja ndiko kunakopandisha bei. Juu ya hapo, kampuni za bima huwatoza wenye meli zaidi kupita eneo lenye makombora, na mwenye meli huongeza nauli. Kwa hiyo mapipa yanaweza kuwa yaleyale na gharama ikawa nyingine.

Na Wahouthi wa Yemen? Si ndio waliofunga njia ya meli zetu?

Hapa watu wengi wanachanganya. Wahouthi walianza kushambulia meli Bahari ya Shamu Novemba 2023, na nyingi zikalazimika kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Lakini tazama ramani: meli inayotoka Ghuba kuja Dar es Salaam au Tanga haipiti Bahari ya Shamu. Inatoka Hormuz, inakata Bahari ya Hindi, inafika. Kilichotugusa ni nauli. Meli inayozunguka bara zima inakaa safarini siku nyingi zaidi, kwa hiyo meli zilizo huru za kukodi zinapungua, na zilizobaki zinajipandishia. Ni kama mabasi ya mkoani mwezi Desemba.

Nani hasa anapanga bei ya Dodoma?

Soko la dunia linaweka msingi, na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, inatangaza bei kikomo. Ofisi zao kuu ziko hapahapa Dodoma, kwa hiyo huna haja ya kuwasikia watu wa Dar wakikueleza. Bei mpya hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Uagizaji wenyewe unapitia Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja, PBPA: kampuni zinaweka mahitaji yao kwenye kapu moja, inatangazwa zabuni, anayetoa gharama nafuu analeta kwa niaba ya wote. Mafuta hushushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na bei ya mji wako inategemea pia yametokea bandari gani na yamesafirishwa umbali gani. Kutoka Dar hadi hapa ni kilometa kama 450 za lori, na lori nalo linakunywa dizeli. Ndiyo maana bei ya hapa iko juu ya Dar, na Kondoa na Mpwapwa kila mmoja ana namba yake kwenye jedwali.

Neno ni kikomo. Sheli haitakiwi kuzidisha hapo, lakini inaruhusiwa kuuza chini yake. Zipo zinazoshusha shilingi kumi, ishirini. Ukijaza kila siku, hizo si za kudharau.

Bei ikipanda duniani, huku inapanda upesi. Ikishuka, mbona inasuasua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira zaidi, na wenye hasira wana haki nusu.

Kwanza muda. Mafuta unayotia leo hayakununuliwa leo. Yaliagizwa, yakapakiwa, yakasafiri, yakasubiri kushushwa, yakapimwa, na bei yake ilitokana na soko la wiki kadhaa nyuma. Kuchelewa huko kuko pande zote mbili. Vita ikianza tarehe 13, bango la sheli halibadiliki tarehe 14. Ila kupanda tunakukumbuka kwa sababu kunauma, na kule kuchelewa kupanda hakuna anayekuhesabu kama faida.

Pili, na hapa ndipo penye siri, si kila shilingi kwenye lita inatokana na mafuta. Kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara, tozo ya petroli, gharama za bandari, faida ya msambazaji na ya mwenye kituo, na usafiri. Kodi na tozo kubwa zimewekwa kwa shilingi kwa kila lita, hazikuwekwa kwa asilimia. Mfano, Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Mia hiyo inabaki mia, pipa liwe dola 120 au 60.

Tufanye hesabu ya kubuni, ili ueleweke mpangilio tu. Tuseme lita ni 3,000, na ndani yake mafuta yenyewe ni 1,500. Bei ya dunia ikishuka kwa asilimia 20, kinachopungua ni 300. Redio imetangaza asilimia 20, wewe umeona 10. Hakuna aliyekuibia hapo. Na kanuni hiyohiyo ndiyo inayokukinga siku bei ya dunia ikipaa.

Tatu ni dola. Meli hailipwi kwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha mwisho wa mwaka shilingi ikajikaza. Mwezi mafuta yakishuka duniani huku dola ikipanda nyumbani, vinakutana katikati na bango la sheli halisogei. Ukitaka kubashiri bei ya Dodoma, tazama pipa kwa jicho moja na dola kwa jingine.

Ile nusu nyingine ya hasira, ambayo ni haki kabisa, iko kwenye swali linalofuata.

Kwa nini sheli zinadai mafuta yamekwisha Jumanne usiku, na Jumatano asubuhi yamejaa?

Nitasimulia yangu. Jumanne moja jioni nilikuwa natoka Kongwa na mzigo, mshale unagusa chini. Nikaingia sheli moja, siitaji. Pampu zimezungushiwa utepe, kijana kakaa kwenye kreti ya soda anachezea simu. "Bosi, hamna." Dizeli? "Hamna." Petroli? "Hamna kitu chochote." Nyuma yake lori la mafuta limeegeshwa, dereva anakula mishikaki. Nikalala pale na nyanya zangu. Kulipokucha utepe umetoka, bango limebadilishwa namba, na kijana yuleyule akanikaribisha kwa tabasamu: "Karibu bosi, full?" Nyanya kreti mbili zilikuwa zimeshakuwa rojo.

Ni kosa kuficha mafuta ukisubiri bei mpya, na vituo vimewahi kufungiwa kwa hilo. Vita ya nje haihusiki kabisa hapo. Ni tamaa ya mtu aliye mita mbili mbele yako. Ukikutana nalo, piga picha ya bango, andika saa, peleka malalamiko EWURA. Usiishie kulaani Iran.

Hivi hali hii ni mpya, au ilikuwapo?

Ilikuwapo, na Dodoma ina sababu ya pekee ya kuikumbuka. Oktoba 1973 TANU ilipitisha uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa. Mwezi huohuo Misri na Syria ziliingia vitani na Israel, na nchi za Kiarabu zikakata mafuta kwa Marekani na washirika wake. Pipa lililokuwa kama dola 3 likafika karibu 12 mwanzoni mwa 1974. Yaani mji wetu mkuu ulizaliwa mwezi uleule mafuta yalipoanza safari ya kupanda mara nne. Saruji, nondo, malori ya kuvileta, vyote vilihitaji fedha za kigeni ambazo sasa zilikuwa zinalipia mafuta, na ukame wa miaka hiyo ukatulazimisha kuagiza chakula juu yake. Zipo sababu nyingine nyingi za ndani zilizochelewesha kuhama hadi serikali ilipoanza kuja kwa kishindo baada ya tangazo la Julai 2016. Lakini anayesema mpango wa 1973 ulikwama kwa uvivu tu, hajaangalia bei ya pipa ya mwaka ule.

Kisha ikaja 1979. Mapinduzi ya Iran yalipandisha mafuta tena wakati sisi tunatoka kwenye vita ya Kagera, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977. Mwalimu akawaambia wananchi wafunge mkanda miezi 18. Wenye umri watakwambia mkanda ule ulikaa kiunoni muda mrefu zaidi, na kwamba ilifika mahali magari binafsi yakazuiwa barabarani Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Baba mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma aliniambia Jumapili zile mji ulikuwa kimya mpaka unasikia kengele za ng'ombe.

Baadaye Iraq ikaivamia Kuwait Agosti 1990, mafuta yakapanda tena, kisha Julai 2008 pipa likafika dola 147. Na Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa siku moja chini ya sifuri, muuzaji akimlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo, kwa sababu matangi yalijaa. Hiyo nayo ilitokea.

Mwaka 2022 serikali iliweka ruzuku. Si irudishe tu?

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na siku chache baadaye pipa lilikaribia dola 139. Kuanzia Juni serikali ikatoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Pamoja na hayo, Agosti ile petroli ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na huku bara tulilipa zaidi. Bei ya dunia ilipopoa, ruzuku ikaondoka.

Maoni yangu: ruzuku ni dawa ya maumivu. Inasaidia siku mbili tatu, lakini anayejaza gari la lita 90 anafaidi kuliko wewe wa lita mbili, na bilioni hizo zinatoka kwenye mfuko uleule wa dawa na madawati. Mimi ningependa zaidi nchi iwe na akiba ya mafuta ya kutosha. Nchi za Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoanzishwa 1974 baada ya msukosuko ule wa 1973, hutakiwa kuwa na akiba inayolingana na siku 90 za mafuta wanayoagiza. Mwenye akiba hakurupuki.

OPEC ni akina nani?

Ni umoja wa nchi zinazouza mafuta, ulioanzishwa Baghdad Septemba 1960 na Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela. Tangu 2016 wanashirikiana na wengine, Urusi ikiwemo. Wakikubaliana kupunguza uchimbaji, bei hupanda. Wakifungua bomba, hushuka. Kwenye mikutano yao hatuna kiti.

Kwa nini hata mafuta ya kupikia yanapanda vita ikitokea?

Mama lishe mmoja pale Sabasaba aliniuliza hivi mwaka 2022 akidhani namdanganya. Ukraine na Urusi kwa pamoja huuza zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti yanayosafirishwa nje duniani. Vita ilipoziba bandari za Bahari Nyeusi, wanunuzi wakakimbilia mawese. Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese, ikafunga kuyauza nje tarehe 28 Aprili 2022 hadi 23 Mei. Na sisi mafuta mengi ya kula tunaagiza nje. Ndoo ikapaa.

Ajabu ni kwamba tumekaa katikati ya alizeti. Ukitoka hapa kwenda Singida alizeti ikiwa imechanua, barabara ina rangi ya njano pande zote. Bei ile ya 2022 iliwafanya wakulima wengi walime alizeti kwa nguvu, wakivuna 2023 bei ikawa imeporomoka, mafuta ya nje yameshajaa madukani. Mkulima mmoja wa Mkalama aliyenipa mzigo alisema kwa utulivu, "Vita ilinitajirisha mwaka mmoja, amani ikanifilisi." Sikuwa na la kumjibu, nikafunga turubai.

Mbolea nayo iko humohumo. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, gesi ikipanda Ulaya, mfuko unapanda Kongwa. Ndiyo sababu ya ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23.

Bomba la mafuta linapita Chemba na Kondoa. Likikamilika, petroli itashuka?

Hapana. Bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilometa 1,443, na nyingi ziko kwetu, lakini linabeba mafuta ghafi ya Uganda kwenda melini. Tena mafuta yenyewe ni mazito kama nta, lazima yapashwe moto njia nzima. Huwezi kutoboa ukatia kwenye Boxer. Faida yake ni kodi, ajira na gawio, shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa asilimia 15. Bango la sheli haliangalii hilo bomba.

Kuhusu bonde la Eyasi–Wembere kule Singida na jirani zake, TPDC inatafuta mafuta. Kutafuta si kupata, tusiuze mashamba.

Je, nauli nazo?

Nauli za mabasi na daladala zina kikomo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hazipandi kila mwezi na mafuta. Bodaboda ni makubaliano yako na dereva. Treni ya mwendokasi, iliyoanza kufika Dodoma kutoka Dar Julai 2024, inatumia umeme, na umeme wetu ni wa maji ya Rufiji na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay zaidi kuliko wa mafuta. Kwa hiyo mtu wa treni anaweza kusoma habari za Hormuz akiwa ametulia, mpaka atakaposhuka stesheni na kuitafuta bodaboda.

Mafuta ya taa mbona ghali, si ya maskini?

Mwaka 2011 kodi yake ilipandishwa ili kukomesha uchakachuaji, maana wajanja walikuwa wanayachanganya na dizeli. Injini zikapona, koroboi ikaumia.

Ninunue madumu niweke ndani kabla hayajapanda?

Usithubutu. Mvuke wa petroli unasafiri chini chini mpaka kwenye jiko la mkaa. Utaokoa elfu mbili na kupoteza nyumba.

Nitajuaje kama nimetozwa bei halali?

Piga *152*00# ufuate maelekezo ya EWURA, au tazama jedwali lao la mwezi, tafuta wilaya yako, usitazame ya Dodoma mjini kama uko Mpwapwa. Sheli inatakiwa kuonyesha bango la bei na kukupa risiti ya mashine. Kabla kijana hajaanza, hakikisha pampu inasoma sifuri. Taja shilingi kwa sauti na uangalie lita, usiangalie simu.

Mwezi ujao zitapanda au zitashuka?

Hilo huulizwa na kila mtu, na huwa najibu kwa maswali matatu: pipa lilikuwa kiasi gani mwezi uliopita, dola imekaaje, na meli zinapita? Kama zote zimetulia, mimi Jumanne natia ya elfu ishirini kama kawaida yangu. Moja ikitikisika, natia ya elfu hamsini, na natia saa sita mchana, kabla yule kijana hajafunga utepe.